Pedali ya freni kuwa laini baada ya kubadilisha plaketi (pedi za freni)

Kwa miteremko ya Bukavu, usitoe gari garajini pedali ikiwa bado laini. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa: ikipanda na kubaki ngumu, pistoni zinazosukuma plaketi zilikuwa tu mbali na disiki.

Ikilainika tena, kuna hewa ndani ya mfumo wa freni. Kama kalipa (vibanio vinavyoshika plaketi) zilifunguliwa, hakikisha skrubu ya kutolea hewa iko juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu inakuwa chini na hewa haitoki kamwe. Kwa kawaida anza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu (pampu ya freni inayosukumwa na pedali): gari ya usukani wa kuume, nyuma kushoto. Msaidizi akanyage, fungua skrubu robo mzunguko, funga kabla hajaachia. Ongeza mafuta mapya ya freni kabla hayajafika alama ya MIN kwenye kikopo chake.

Pedali inazama polepole bila uvujaji? Mipira ya silinda kuu imechoka.