Kuskani implanti: skanbodi ikae kwanza, kamera baadaye

Juzi nilikaa na daktari mwenzangu mgeni wa kazi hapa Mjini, kakwama kwenye kuskani implanti (mzizi bandia uliopandikizwa kwenye mfupa wa taya) na skanbodi yake, yaani kile kijiti kinachokazwa juu ya implanti ili kamera ijue ilipo; ni palepale nilipokwama mimi mwaka wangu wa kwanza, basi nakuandikieni na nyinyi.

Hatua ya 1: washa skana (ile kamera ya mdomoni) mapema, kalibresheni ifanye, ncha ipate moto. Kwetu huku masika hewa nzito, kioo cha baridi kikiingia mdomoni tu ukungu. Taa ya kiti uizime.

Hatua ya 2: fungua hiling (kifuniko cha muda kinachoshikilia ufizi juu ya implanti), skani ufizi fasta. Ukiachwa wazi unaanza kujifunga, halafu krauni (jino bandia la kukaa juu ya implanti) inakuja inabana.

Hatua ya 3: skanbodi. Hapa nakuombeni mtulie. Chukua ya kampuni na saizi ileile ya implanti, osha, kausha, chungulia pande zote kama hamna damu wala nyama, kaza kwa nguvu aliyosema mtengenezaji na si zaidi, halafu PIGA EKSIREI, na mwale upite sambamba na maungio ya skanbodi na implanti, ukienda mshazari pengo linajificha. Mimi nilikuwa naruka eksirei. Kuna bi mmoja wa Chake, kule Pemba, implanti ya gego la chini, kapanda boti mara tatu kwa ajili yangu. Krauni ya kwanza ikakaa chini, haigusani na jino la juu, nikailaumu labu iliyoitengeneza, nikaskani tena, ya pili ikaja vilevile. Mara ya tatu ndio nikapiga eksirei skanbodi ikiwa mdomoni, nikaona mstari mweusi mwembamba kama uzi upande mmoja. Nikafungua, kumbe kipande cha ufizi kimebanwa chini yake. Nilipokitoa skrubu ikazunguka tena karibu nusu mzunguko. Sasa elewa, programu haiioni implanti, inaiona skanbodi tu, ikiwa imenyanyuka basi na implanti ya kwenye kompyuta inanyanyuka nayo, na picha inatoka safi kabisa, hakuna kitakachokuonya. Yule bi nauli zake nilimrudishia, lakini siku zake sikuweza.

Na skanbodi za plastiki tupu mimi sizitaki, zikishapita otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) mara nyingi siziamini tena. Nunua zenye kitako cha titani.

Hatua ya 4: kausha mate, anza juu ya meno, rudi kwa ndani, malizia nje, usitangetange.

Hatua ya 5: skani taya la pili, halafu mng'ato, yaani meno yakiwa yameumana.

Implanti moja au mbili za jirani, hayo yanatosha. Taya zima ni habari nyengine, kwa sababu picha zinaungwa kipande kwa kipande na kosa dogo linajikusanya mpaka upande wa pili, na implanti imeshikana na mfupa, haina ule ulaini wa jino unaosamehe, fremu inayoziunganisha isipokaa yenyewe skrubu ndio zinazoumia. Hapo mimi skani peke yake siitegemei, natengeneza jigi ya kuhakikisha (kiungo kigumu kinachoshika implanti zote pamoja, cha kupimia kama skani iko sawa), naikaza mdomoni, halafu inapanda boti kwenda labu Dar pamoja na faili.

Unapotuma faili mwandikie fundi jina la implanti na saizi yake, na ile eksirei iambatishe.