Kutazama viumbe kwenye mawe ya gati, Port Bell, Uganda

Nenda asubuhi, kabla upepo haujatibua ziwa, na umwombe mlinzi ruhusa. Usikanyage majini: konokono wa Ziwa Victoria hueneza kichocho, nami kilinitesa mwaka mzima. Chuchumaa juu ya jiwe kavu, kivuli chako kiangukie nyuma, kisha utulie.

Tazama ukoga wa kijani. Furu, samaki wadogo ambao hapa tunawaita nkejje, huja kuukwangua kwa meno, kichwa kikiinama na mkia juu. Ukiona jike koo limevimba, amebeba mayai mdomoni; usirushe hata kijiwe. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 alimaliza furu wengi, na nyufa za mawe ziliwaokoa baadhi. Andika tarehe na kina cha maji.