Namna ya kuwapima Lara na Tendulkar kwa daftari na kalamu

Daftari ninalotumia ni lilelile ninaloandikia dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Kriketi, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, nilifundishwa na bosi wangu wa zamani, mzee wa Kihindi aliyekuwa na ghala mjini, enzi hizo mimi nikimpimia magunia. Yeye alikuwa mtu wa Sachin Tendulkar wa India, mimi wa Brian Lara wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi. Ubishi wetu ulikuwa kelele tupu mpaka siku aliponisukumia kalamu: "Andika, kijana, tuhesabu." Tangu hapo siwalinganishi wapigaji wawili kwa mdomo.

Anza na swali. Unamtafuta mpigaji wa kuibeba timu miaka ishirini, au wa kuiokoa siku moja mbaya? Liandike juu ya ukurasa kabla ya jina lolote. Watu hubishana usiku kucha kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Chini yake chora safu nne: mechi, zamu za kupiga, mara alizobaki bila kutolewa, na mikimbio, yaani alama anazopata mpigaji. Tunazungumzia kriketi ya Testi, ile ya siku tano, ambayo kila timu hupata zamu mbili. Wapigaji husimama uwanjani wawili wawili, na zamu ya timu huisha watu kumi wakitolewa. Tendulkar, kuanzia 1989 hadi 2013: mechi 200, zamu 329, alibaki mara 33, mikimbio 15,921. Lara, kuanzia 1990 hadi 2006: mechi 131, zamu 232, alibaki mara 6 tu, mikimbio 11,953.

Hapa tulia, maana ndipo wengi wanapopotea. Wastani unaotangazwa haugawanywi kwa zamu. Hugawanywa kwa mara ambazo mpigaji ametolewa, mfano mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini. Ndiyo maana Tendulkar ana 53.78 na Lara 52.88, na mzee wangu akawa anapiga meza kwa furaha. Nikachukua kalamu nikagawanya kwa zamu zote: Lara 51.5, Tendulkar 48.4. Meza ikanyamaza. Ila hesabu yangu nayo ina upungufu wake. Mpigaji anayebaki na mikimbio 20 kwa kuwa wenzake wote wameshatoka, au kwa kuwa timu imeshashinda, hakushindwa na mtu. Alikosa nafasi ya kuendelea. Kwa hiyo andika wastani zote mbili, moja kando ya nyingine, na usifute ile isiyokupendeza.

Baada ya hapo uliza habari za mwezi. Huku ziwani dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hukosa nguvu, na mitumbwi hulala ufukweni. Mvuvi akiniambia kapata beseni arobaini, kwanza namuuliza mwezi ulikuwaje. Mpigaji naye muulize vivyo hivyo: mikimbio hii kaipata dhidi ya nani, na katika uwanja gani? Tendulkar alipata 820 dhidi ya Bangladesh katika mechi 7, wastani unaopita 136, wakati timu ile ilikuwa bado changa. Zitoe zote. Wastani wake unashuka hadi 52 na kidogo, basi. Kumbe hakubebwa na Bangladesh, na nilikuwa nimelisema hilo ghalani kwa sauti kubwa.

Safu ya ugenini ndiyo iliyoniuma. Nyumbani Lara ana wastani wa zaidi ya 58, lakini ugenini unashuka chini ya 48. Tendulkar ugenini ana zaidi ya 54, juu kuliko hata nyumbani kwake! Mwaka 1992 pale Perth, Australia, uwanja ambao mpira unadunda mpaka kifuani, alipiga 114 akiwa na miaka 18. Nilikaa na namba hizo wiki nzima bila kumwonyesha mzee.

Namba zikishakaa, chukua siku moja ya kila mmoja uitazame kwa karibu. Tafuta siku zinazofanana. Mimi nilizipata mbili ndani ya miezi miwili ya 1999. Mwezi Januari pale Chennai, India ilihitaji mikimbio 271 kuishinda Pakistan ikawa na 82, wapigaji watano wameshatoka. Tendulkar, mgongo unamuuma, akafika 136. Alipotolewa na Saqlain Mushtaq, mrushaji mpira wa Pakistan, zilibaki 17 tu. Waliobaki wakaongeza 4, India ikafungwa kwa mikimbio 12. Mwezi Machi pale Bridgetown, Barbados, West Indies ilihitaji 308 dhidi ya Australia ya warushaji Glenn McGrath na Shane Warne, ikawa na 105, watano wameshatoka. Lara akapiga 153 na hakutolewa. Karibu na mwisho Ian Healy, mlinda wiketi wa Australia, yaani mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji, alidondosha mpira ambao angeudaka Lara angetoka. Alipoingia Courtney Walsh, mtu wa mwisho, mrushaji asiyejua kupiga, bado zilitakiwa 6. Walsh akazuia, Lara akamaliza kwa pigo la mikimbio minne.

Sasa nionyeshe tofauti ya wapigaji hao wawili. Mimi naiona kwa wenzao: mmoja alibakiwa na mtu wa kusimama upande wa pili, mwingine hakubakiwa. Kwa hiyo matokeo ya mechi usiyaandike kwenye hesabu ya mpigaji mmoja. Lara mwenyewe, mwaka 2001 kule Sri Lanka, alipata mikimbio 688 katika mechi tatu mbele ya mrushaji wao Muttiah Muralitharan, na West Indies ikafungwa zote tatu. Utamlaumu kwa lipi?

Mwisho rudi juu ya ukurasa, kwenye swali lako, ujibu hilo tu. Kwangu jibu la miaka ishirini ni Tendulkar, na safu ya ugenini ndiyo iliyonigeuza. Nilimpelekea mzee daftari mwenyewe. Akalisoma pole pole, akanishika bega. Jibu la siku moja mbaya ni Lara hadi leo. Mtu aliyepiga mikimbio 375 katika zamu moja, kisha miaka kumi baadaye akarudi uwanja uleule wa Antigua dhidi ya Uingereza ileile akapiga 400 bila kutolewa, nikiwa na mechi moja ya kuokoa namwita yeye.

Ukitaka jozi ya kufanyia mazoezi, chukua Rahul Dravid wa India na Jacques Kallis wa Afrika Kusini. Dravid ana mikimbio 13,288 katika zamu 286, alibaki mara 32. Kallis ana 13,289 katika zamu 280, alibaki mara 40. Wamepishana mkimbio mmoja. Mimi nimeshachora safu zangu, ya ugenini bado iko tupu.