Namna ya Kujitengenezea Kalenda ya Filamu za Mwaka Ujao

Kila ifikapo Novemba na Desemba, mitandao hujaa orodha za filamu za kusubiriwa mwaka unaofuata, na nyingi ya orodha hizo hufanana kwa sababu zimeokotwa kutoka kwenye matangazo yale yale ya kampuni kubwa za Marekani. Hakuna ubaya kuzisoma. Hata hivyo, mpenzi wa filamu anayetaka kujua anasubiri nini, kwa nini anaisubiri, na lini hasa itamfikia mahali alipo, anahitaji kalenda aliyoitengeneza mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitengeneza, na mfano wake mkuu ni mwaka 2026, ambao filamu zake nyingi zilitangaziwa tarehe mapema sana.

Anza na watu

Jina la filamu ambayo haijatoka halikuelezi mengi. Wanaokueleza ni mwongozaji, mwandishi wa muswada, mpigapicha mkuu na mhariri, kwa kuwa kazi zao za nyuma unaweza kuzitazama leo na kuzipima. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika majina ya waongozaji kumi hivi ambao filamu zao hazijakutoka akilini, kisha kutafuta kila mmoja wao ana kazi gani mkononi kwa sasa. Watazamaji wengi hufuata steringi peke yake, na mara nyingi huishia kuvunjika moyo, maana mwigizaji hodari hawezi kuiokoa hadithi iliyoandikwa vibaya.

Ikiwa huwafahamu watu wa nyuma ya kamera, chukua bango la filamu uliyoipenda na usome sehemu yake ya chini kabisa, pale penye mistari michache ya herufi nyembamba, ndefu, zilizobanana, ambayo watu wengi huiruka. Baada ya waigizaji utakuta mtunzi wa muziki, mhariri, mpigapicha mkuu, watayarishaji na mwandishi, na kwa kawaida jina la mwongozaji ndilo hufunga safu hiyo. Yaandike yote. Ukifanya hivyo kwa mabango matano au sita utaanza kuona majina yanayojirudia, na majina hayo ndiyo msingi wa kalenda yako.

Chukua mfano wa The Odyssey, filamu ya Christopher Nolan inayotokana na utenzi wa kale wa Homer, ambayo kampuni ya Universal iliitangazia tarehe 17 Julai 2026. Aliyeifuatilia kwa jina la Nolan peke yake alikuwa na sababu moja ya kuisubiri. Aliyesoma safu ya chini alikuwa na sababu zaidi: mpigapicha mkuu ni Hoyte van Hoytema, ambaye amefanya kazi na mwongozaji huyo tangu filamu yao ya mwaka 2014, mhariri ni Jennifer Lame na mtunzi wa muziki ni Ludwig Göransson, yaani kikosi kile kile kilichotengeneza filamu iliyopata Tuzo ya Oscar ya Filamu Bora mwaka 2024. Kikosi hicho kilipotangaza kwamba filamu nzima inapigwa kwa kamera za filamu za IMAX, mfumo wa picha pana na kali kwa ajili ya skrini kubwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwa filamu ndefu ya hadithi, mtu mwenye kalenda alijua kuwa hiyo ni ya kutazamwa ukumbini, si kwenye simu. Tiketi za baadhi ya kumbi ziliuzwa Julai 2025, mwaka mzima kabla.

Uliza filamu imefika hatua gani

Filamu iliyotangazwa na filamu iliyokwisha kupigwa ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakoharibu kalenda nyingi. Kazi hupitia maandalizi, upigaji wa picha, kisha uhariri pamoja na sauti, muziki na athari za kompyuta, na hatua hii ya mwisho peke yake inaweza kuchukua mwaka mzima katika filamu yenye athari nyingi. Upigaji wa The Odyssey ulianza Februari 2025 na kukamilika Agosti mwaka huo, hivyo wahariri walibakiwa na takriban miezi kumi na mmoja. Ratiba ya namna hiyo inatia imani. Filamu ambayo imepewa mwaka bila siku, na ambayo bado haijaanza kupigwa, iandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa.

Hata tarehe kamili huhama, na inafaa ujue sababu zake ili usishtuke. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia tarehe 2 Mei 2023, waigizaji nao wakagoma kuanzia tarehe 14 Julai hadi tarehe 9 Novemba mwaka huo. Dune: Part Two, iliyokuwa itoke tarehe 3 Novemba 2023, ilikuwa imekwisha kupigwa, lakini waigizaji walio katika mgomo hawaruhusiwi kuitangaza filamu, na kampuni haikukubali kutoa kazi ya gharama kubwa namna ile bila nyota wake kusimama mbele ya wanahabari. Ikasogezwa hadi tarehe 1 Machi 2024. Michael, filamu ya Antoine Fuqua kuhusu maisha ya Michael Jackson, ambamo mwimbaji huyo anaigizwa na mpwa wake Jaafar Jackson, ilihamishwa kutoka Aprili 2025 hadi Oktoba, kisha hadi Aprili 2026, huku baadhi ya sehemu zikipigwa upya. Avengers: Doomsday nayo iliondolewa kwenye tarehe yake ya Mei 2026 ikapelekwa tarehe 18 Desemba 2026, siku ile ile iliyokwisha kupangiwa Dune: Part Three. Unapoona filamu mbili kubwa zimegongana siku moja, weka alama ya swali kwa zote mbili, kwa sababu skrini bora ni chache na mara nyingi upande mmoja hukubali kupisha.

Soma misimu ya kila tasnia

Tarehe ya kutoka huchaguliwa kwa hesabu. Marekani, msimu wa filamu za gharama kubwa hufunguka mwanzoni mwa Mei na kuendelea hadi Agosti, kisha Novemba na Desemba huwa za familia na za kuwania tuzo. Ili filamu ifikiriwe kwa Oscar ya Filamu Bora, sharti mojawapo ni ionyeshwe kwa siku saba mfululizo katika angalau eneo moja kati ya sita yaliyotajwa, yakiwemo Los Angeles na New York. Ndiyo maana filamu nyingi nzuri huonekana katika miji hiyo Desemba na kufika kwingine miezi kadhaa baadaye. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Kampala azitafute kuanzia Januari.

India ina kalenda yake, na wakazi wa pwani yetu, waliozoea filamu za Kihindi kwa vizazi, wanajua kwamba kazi kubwa hupangwa kutoka wakati wa Idi, Diwali, Krismasi na sikukuu za kitaifa za tarehe 26 Januari na 15 Agosti. Sehemu ya kwanza ya Ramayana, inayoongozwa na Nitesh Tiwari na kuigizwa na Ranbir Kapoor, Sai Pallavi na Yash, ilitangazwa kwa Diwali ya 2026, na ya pili kwa Diwali ya 2027. Kumbuka kuwa Idi hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana. Nigeria nayo hutegemea Desemba, wakati watu wamepumzika na walio ughaibuni wamerudi nyumbani.

Chanzo chenye faida kuliko vyote ni matamasha ya filamu. Sundance ya Marekani huwa Januari, Berlin Februari, Cannes Mei, Venice mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, Toronto Septemba. Orodha rasmi ya Cannes hutangazwa Aprili na ya Venice Julai, na siku hizo mbili, kwa maoni yangu, zinafaa kuzungushiwa duara jekundu kuliko siku ya uzinduzi wa trela yoyote. Parasite ya Bong Joon-ho ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, Mei 2019 na kuchukua Oscar ya Filamu Bora Februari 2020, na aliyesoma matokeo ya Cannes alikuwa na miezi tisa ya kuitafuta kabla dunia nzima haijaanza kuitaja.

Filamu za kwetu hutafutwa kwa njia nyingine

Hapa ndipo orodha za mtandaoni zinapotuangusha zaidi, kwa sababu filamu ya Afrika Mashariki haitangazwi miaka miwili kabla kwa mabango ya barabarani. Habari zake huanza kusikika katika mifuko ya ufadhili na maabara za miswada: Docubox ya Nairobi inayosaidia filamu za hali halisi, soko la Durban FilmMart, mfuko wa Hubert Bals wa Rotterdam, na World Cinema Fund ya Berlin. Taasisi hizi huchapisha majina ya miradi zinayoisaidia, na mradi unaopata fedha leo huweza kuwa filamu baada ya miaka miwili au mitatu. Zipitie orodha hizo mara mbili kwa mwaka, ukiandika jina la mwongozaji na nchi yake.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, inayotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni mfano ninaoupenda sana. Ilizinduliwa Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua kuiwakilisha katika Oscar, kategoria ya filamu ya kimataifa, miongo miwili baada ya uteuzi wake wa kwanza. Hadithi ya Unguja, kwa Kiswahili cha Unguja, ilionwa kwanza na watazamaji wa Kanada, kwa hiyo anayesubiri filamu za nyumbani hana budi kufuatilia matamasha ya mbali. Orodha ya filamu zilizoteuliwa na kila nchi kwa kategoria hiyo nayo ihifadhi kila inapotoka, kwani hukupa kazi moja kutoka kila nchi iliyoshiriki, nyingi zikiwa hazijafika kwenye majukwaa ya mtandaoni.

Tamasha la ZIFF la Zanzibar liwekee nafasi kati ya Juni na Agosti, na uhakikishe tarehe kila mwaka kwa sababu hubadilika. Kutazama filamu ndani ya Ngome Kongwe usiku, umekaa kwenye ngazi za mawe na upepo wa baharini ukipita, huku mwongozaji mwenyewe akijibu maswali baada ya taa kuwaka, kunafaa kupangiwa safari. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, hufanyika miaka ya namba witiri, kwa hiyo 2026 haina FESPACO na jicho lako lielekee 2027.

Hakikisha itakufikia

Katika kila mstari wa kalenda acha nafasi ya tarehe ya nchi yako, kando ya tarehe ya dunia. Marekani na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki filamu mpya huanza Ijumaa, Ufaransa Jumatano, na katika nchi za Ghuba nyingi huanza Alhamisi. Ukumbi wa mji wako unaweza kuipokea filamu siku hiyo hiyo, wiki mbili baadaye, au usiipokee kabisa, na ni msambazaji wa kanda anayeamua. Fuata kurasa za ukumbi wako na za msambazaji huyo.

Angalia pia uainishaji, hasa ukipanga kwenda na watoto. Kenya hutumia GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18, na Tanzania ina Bodi ya Filamu inayokagua kabla ya maonyesho. Uamuzi wa bodi unaweza kubadilisha kila kitu. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ilipigwa marufuku nchini mwake mwaka 2018, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Waliokuwa wakifuatilia habari zake kila siku ndio waliowahi kupata viti.

Kuhusu trela, ninashauri utazame ya kwanza tu. Huwa fupi, hukupa sura, sauti na mwendo wa filamu, na mwishoni huonyesha tarehe au maneno ya jumla kama "hivi karibuni". Ukiona maneno hayo, elewa kuwa tarehe bado haijatulia. Trela ya pili na ya tatu, hasa za filamu za mapigano na vichekesho, mara nyingi hutoa mshangao ambao mwandishi alihangaika kuuficha kwa muda wa saa moja na nusu. Ukitaka maelezo zaidi, soma mahojiano na mwongozaji.

Mwisho wa kila mwezi kaa na kalenda kwa nusu saa: futa tarehe zilizohama, hamisha filamu zilizokwisha kupigwa kutoka pembeni hadi ndani ya ukurasa, na uongeze majina mapya kutoka kwenye tamasha lililopita. Usiache zaidi ya filamu tatu zenye alama ya "lazima ukumbini" kwa mwezi mmoja, kwa sababu tiketi na nauli ni fedha. Wiki ya filamu inapofika, tazama ratiba ya ukumbi Jumatano au Alhamisi, inapotolewa ya wiki mpya, kisha ununue tiketi ya onyesho la siku za mwanzo. Filamu isiyo na jina kubwa huweza kuondolewa kwenye skrini baada ya wiki moja.