Somo: Tochi ya plazma inagonga pleti au inapanda ovyo, anzia hapa kabla hujagusa setingi

Wakuu habari za kazi. Karakana nyingi za huku Mwanza, Nyakato, Igoma na kwingineko, mashine ya CNC (inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta) ikianza kugonga pleti kijana anakimbilia kompyuta, anabadili namba hii na ile mpaka hakumbuki alianzia wapi. Tusifanye hivyo jamani.

THC, ile sehemu ya mashine inayopandisha na kushusha tochi yenyewe wakati wa kukata, haioni pleti. Inachosoma ni volti za moto kati ya elektrodi (kile kipande cha ndani ya tochi moto unapoanzia) na pleti, moto ukirefuka volti zinapanda, ukifupika zinashuka, na volti 5 ni kama nusu milimita. Kwahiyo kitu chochote kikiharibu hizo volti tochi inaenda siko, hata kama setingi zako ziko safi kabisa.

1. Nozeli na elektrodi. Hapa ndo penye kesi nyingi. Zima mashine kabisa, fungua, angalia kile kidoti cha katikati ya elektrodi. Kikishaliwa na kuacha shimo lenye kina cha kama 1.6 mm, tupa, weka mpya. Elektrodi ikilika moto unarefuka kwa ndani, volti zinapanda, THC inadhani tochi iko juu inaishusha, inashusha tena, mpaka nozeli inalala kwenye chuma. Ndo maana asubuhi mashine inakata vizuri halafu mchana inaanza kugonga na hakuna mtu aliyegusa kitu. Tundu la nozeli nalo liwe duara, likiwa kama yai badilisha.

2. Ethi, ule waya wa kurudisha umeme. Bana kwenye pleti yenyewe, sio mguu wa meza. Vile vyuma vya kulazia pleti vimejaa slagi (mabaki ya chuma kilichoyeyuka) na kutu, umeme unapita kwa kubahatisha. Piga grinda sehemu ya kubana mpaka ing'ae.

3. Hewa. Sisi wa ziwani hewa yetu ina unyevu, fungua koki ya chini ya tanki la kompresa kila siku uone maji yanavyotoka. Maji yanaua elektrodi haraka. Presha isome hewa ikiwa inatoka kwenye tochi, ikiwa imetulia geji inakudanganya.

4. Z yenyewe, yaani sehemu inayobeba tochi juu na chini. Umeme umezimwa, shika tochi itikise juu chini. Ikicheza kaza kapling, safisha vumbi la chuma kwenye skrubu.

5. Sasa ndo setingi. Zima THC, weka pleti iliyonyooka, weka tochi kwenye urefu wa kukatia wa kitabu cha mashine yako (nyingi ni 1.5 mm, mkia wa drili ya saizi hiyo unatosha kupimia), kata mstari mnyoofu kwa spidi yako ya kawaida na usome volti. Hiyo ndo namba ya kuweka kwenye THC. Ya kwenye chati ni pa kuanzia tu.

Kwenye kona spidi inapungua, volti zinapanda na tochi inazama, kwahiyo washa ile ya kufunga THC kwenye kona. Kwenye matundu madogo THC izime kabisa.

MASWALI

*Shikamoo fundi, yangu inagonga mwanzoni tu, ikishatoka hapo inakata vizuri.*

Marahaba dada. THC yako inaamka mapema. Iache itoboe, ishuke kwenye urefu wa kukatia, ifike spidi kamili ndo ianze kusoma, ongeza dilei kidogo kidogo. Na urefu wa kutobolea uwe mara 2 au zaidi ya ule wa kukatia, sio sawasawa.

*Bro shiti nyembamba za 1.5 mm zinanisumbua, kila kipande urefu wake.*

Kama tochi yako inatafuta sifuri (pale uso wa shiti ulipo) kwa kusukuma swichi, basi inabonyeza shiti kwanza ndo swichi inajibu, sifuri inakuwa chini ya ilipo kweli. Punguza spidi ya kugusa, bana shiti pembeni. Kama inagusa kwa umeme, kwangua rangi na kutu.

*Naweza kupima volti na mita ya kawaida?*

Pima kwenye tokeo lililogawanywa, pale mashine inapotoa volti zilizopunguzwa. Mashine ikiwa inagawa 50 kwa 1, ukisoma volti 2.4 maana yake moto una volti 120. Nyaya za tochi zenyewe usiziguse mdogo wangu, kabla moto haujawaka zinaweza kuwa na zaidi ya volti 200 za DC.