Lesi ya Tatingi kwa Nyuzi Zilizochanganywa: Kutoka Fundo la Kwanza hadi Kuficha Ncha

Tatingi ni njia ya kutengeneza lesi kwa kufunga mafundo madogo, moja baada ya jingine, kwa vidole na kifaa kidogo kilichochongoka pande zote mbili ambacho hubeba uzi tumboni mwake. Wajerumani huita kazi hii Schiffchenarbeit, yaani kazi ya kidau, nami nimeona neno kidau linakifaa kifaa hicho kuliko jina lolote la kukopa. Kuchanganya nyuzi, kwa mfano pamba na hariri, au rangi mbili zinazokaribiana, huipa lesi kina ambacho uzi mmoja hauwezi kukitoa. Hata hivyo, anayechanganya kabla ya kufahamu ni uzi upi unaoonekana na ni upi unaofichwa ndani ya fundo hupoteza uzi mzuri bure. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu fundo lenyewe.

Hatua ya kwanza: vifaa

Tafuta kidau kimoja, kulabu nyembamba ya kroshia inayoweza kupita katika kitanzi kidogo, mkasi mkali, sindano ya mkono na uzi wa pamba uliosokotwa kwa kukaza. Nyuzi za pamba za lesi hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba: namba 10 ni mnene, namba 80 ni mwembamba sana. Anza na namba 10 au 20, rangi moja isiyokoza, ili uweze kuliona kila fundo. Chagua pamba iliyopitishwa katika soda kali, utaratibu ambao Mwingereza John Mercer aliusajili kwa hataza mwaka 1850, kwa kuwa nyuzi hizo ni imara na huteleza vizuri, na kuteleza ndiko kunakoibeba kazi hii yote.

Hatua ya pili: fundo pacha

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto abadilishe mikono.

Shika ncha ya uzi kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, uzungushe uzi juu ya vidole vilivyobaki vikiwa vimetanuliwa, kisha uurudishe ulikoanzia ili ufanye duara. Kidau kiwe mkono wa kulia, na uzi unaotoka humo upite juu ya vidole vya mkono huo. Kwa nusu ya kwanza, pitisha kidau chini ya uzi wa duara, ukirudishe juu yake, halafu ulegeze vidole vya kushoto na kuuvuta uzi wa kidau hadi unyooke kabisa. Hapo jambo muhimu hutokea: kitanzi kilichokuwa kimefanywa na uzi wa kidau huhama, na sasa uzi wa duara ndio unaouzunguka uzi wa kidau. Inua tena kidole cha kati, usogeze nusu hiyo hadi kwenye vidole vinavyobana. Kwa nusu ya pili, kidau kipite juu ya uzi wa duara na kurudi chini yake, kisha fanya uhamisho uleule. Nusu hizo mbili zikikaa pamoja ndizo fundo pacha.

Jaribu kila fundo kwa kuvuta uzi wa kidau. Ukiteleza ndani ya fundo, umepatia. Ukikwama, kitanzi hakikuhama, na ni afadhali ulifumue papo hapo, kwa sababu pete yenye fundo moja lililokwama haitafunga. Wanafunzi wengi huvunjika moyo katika hatua hii kwa kudhani vidole vyao ni vizito, ilhali kosa huwa moja tu: mkono wa kushoto haukulegezwa wakati wa kulia ulipovuta. Funga mafundo 100 ya mazoezi bila kufikiria ua lolote, na vidole vitalishika jambo hili.

Hatua ya tatu: pete, kitanzi, tao na kiungo

Pete hupatikana kwa kuvuta uzi wa kidau mpaka duara lijikunje na mafundo yagusane. Kitanzi cha pambo ni nafasi unayoiacha kati ya mafundo mawili; ukiyasogeza pamoja, uzi ulioachwa huinuka kama kitanzi. Urefu wake uwe sawa kila mara, na kipande chembamba cha karatasi ngumu kilichowekwa kwenye nafasi hiyo hukusaidia kuupima.

Tao huhitaji uzi wa pili kutoka kwenye donge. Pete ya kwanza ikiisha, igeuze kazi juu chini, uweke uzi wa donge juu ya vidole vya kushoto na kuuzungusha mara mbili kwenye kidole cha mwisho ili usilegee, kisha ufunge mafundo kwa kidau kama kawaida.

Ili kuunganisha pete na jirani yake, ingiza kulabu katika kitanzi cha pete iliyotangulia, vuta uzi wa duara utokeze kama tundu, pitisha kidau katika tundu hilo, halafu ulikaze taratibu.

Sampuli yangu ya kila jaribio ni ukingo mfupi: pete ya mafundo 4, kitanzi, 4, kitanzi, 4, kitanzi, 4, kisha ifunge; geuza; tao la mafundo 5, kitanzi, 5; geuza; pete ya pili ianze kwa mafundo 4 na kuungana na kitanzi cha mwisho cha pete ya kwanza, halafu iendelee kwa mpangilio uleule. Pete tano zinatosha.

Hatua ya nne: kujua uzi unaoonekana

Katika pete, uzi wa kidau ndio unaofanya mafundo na ndio uleule unaopita ndani yake, kwa hiyo rangi ya pete ni rangi ya kidau. Katika tao, mafundo hufanywa na uzi wa donge, na uzi wa kidau hujificha katikati. Niliwahi kufuma ukingo mrefu nikiwa nimeweka uzi wa kumetameta kidauni pamoja na pamba, nikitarajia kazi nzima ing'ae. Pete zilipendeza, lakini matao, ambayo yalikuwa mengi zaidi, hayakuonyesha chochote, na uzi ule wa thamani ulibaki umezikwa humo.

Kwa hiyo fuma sampuli tatu. Ya kwanza iwe na mchanganyiko kwenye donge peke yake, ya pili kidauni peke yake, na ya tatu pande zote mbili. Binafsi huipendelea ile ya kwanza kwa nyuzi zenye mikwaruzo, kama zile za kumetameta, kwa kuwa uzi wa ndani hubaki pamba laini inayoteleza, na matao huonyesha mchanganyiko bila kukulazimisha kufunga pete kwa uzi unaokwama.

Hatua ya tano: kuchanganya

Uzi wa kutarizi unaouzwa katika mafungu huwa na nyuzi sita zinazoachana kwa urahisi, na hapo ndipo pazuri pa kuanzia: chukua moja ya rangi iliyokoza na moja ya rangi hafifu ya familia hiyohiyo. Rangi zinazokaribiana huonekana kama kivuli kinachotembea katika lesi. Rangi zinazopingana, kama nyeusi na nyeupe, huvunja umbo la mafundo hata jicho likashindwa kuona pete inaishia wapi.

Usikadirie unene kwa macho. Zungusha mchanganyiko kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kupandana, uhesabu iliyoingia katika sentimita moja, kisha ulinganishe na uzi ulioufumia sampuli ya kawaida. Hesabu zikikaribiana, ukubwa wa lesi hautabadilika sana.

Kujaza kidau kunahitaji subira. Nyuzi zote mbili zitoke kwenye roli tofauti na zipite pamoja kati ya vidole viwili vinavyozibana kwa nguvu sawa, maana mmoja ukilegea, ulegevu huo utajikusanya na kutokeza kama kijitundu pembeni mwa fundo. Weka mita 2 au 3 tu. Unapofuma, mzunguko wa kidau huusokota au kuufumua mchanganyiko, hivyo baada ya kila pete kiache kidau kining'inie na kuzunguka chenyewe mpaka kitulie. Vitanzi nivifanye vifupi au virefu? Kwa mchanganyiko, vifupi, kwa sababu katika kitanzi kirefu nyuzi huachana na kiungo hukamata mmoja tu.

Kabla ya kuanza kazi kubwa, ioshe sampuli kwa maji ya vuguvugu na kuikausha juu ya kitambaa cheupe. Utagundua mapema kama rangi inachuja, au kama sufu imenywea wakati pamba imebaki ilivyokuwa na kuikunja lesi.

Hatua ya sita: ncha

Ncha za mchanganyiko zikifichwa pamoja hufanya uvimbe unaoonekana upande wa mbele. Zifunge fundo moja tambarare, zitenganishe, kisha kila uzi utungwe peke yake kwenye sindano: mmoja uingie katika mafundo ya pete upande wa kulia, mwingine katika mafundo ya tao upande wa kushoto, na kila mmoja upite ndani ya mafundo matano au sita kabla ya kukatwa karibu kabisa na lesi.