Jinsi ya kujua kama unamsaidia mtu au unajisaidia mwenyewe

Kuna watu watakwambia hakuna anayetoa bure, kila mtu anatafuta kitu, sifa, thawabu au tu roho yake itulie. Mi nilikuwa huko huko mpaka nikakutana na jaribio la mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake, Marekani 1981. Waliwakalisha wanafunzi wamtazame dada mmoja, jina la kuigiza Elaine, anapigwa shoti za umeme (hamna shoti wala nini, maigizo tu) halafu wakawauliza, utazipokea wewe badala yake? Ujanja uko hapa sasa, wengine waliambiwa wakishaona mara mbili wanaweza kujiondokea, wengine lazima watazame hadi mwisho. Wale wasio na huruma sana wakipewa ruhusa ya kuondoka wengi waliondoka zao, ila waliomhurumia kweli wengi walisema wapigwe wao, na mlango uko wazi kabisa.

Kwa hiyo anza na mlango. Jiulize, ningeweza kwenda zangu nikasahau na hakuna atakayejua, bado ningetoa? Usijibu fasta, jibu la fasta huwa la kujipendelea.

Halafu angalia nani katoka mwepesi. Rafiki yangu alifiwa, nikaenda nikampa mawaidha lisaa lizima, natoka pale najiona mtu wa maana kweli, kumbe mwenzangu alikuwa anaomba tu mtu ambebee mtoto apate usingizi kidogo, aliniambia miezi baadaye. Sikumuuliza! Siku hizi nauliza kwanza "nikushikie nini?" alafu nanyamaza.

Asiposhukuru ukanuna siku mbili, ulikuwa unakopesha. Kufurahi baada ya kutoa siyo kosa lakini, msijitese bure.

Na usikimbilie kujiita una roho mbaya. Mwaka 1973 huyo huyo Batson na mwanasaikolojia mwenzake John Darley waliwapima wanafunzi wa theolojia kule Princeton, Marekani, njiani wakamweka mtu anayeigiza mgonjwa, anajikunja na kukohoa. Wasio na haraka 63% walisimama, walioambiwa wamechelewa 10%, na wengine walikuwa wanaenda kuhutubia habari za Msamaria Mwema jamani. Ondoka dakika kumi kabla, ndo ujipime vizuri.